Nikificha sukari anakula kwa siri: nimsaidieje mume wangu?

SWALI

Mume wangu ana miaka 56. Aligundulika na kisukari miaka minne iliyopita, anameza metfomini na glibenklamidi. Nimejitahidi kadiri ya uwezo wangu. Nyumbani hainunuliwi tena sukari, soda wala mkate, ugali wake nampimia mwenyewe kwenye sahani yake, na watoto nimewaambia waniarifu wakimwona anakula ovyo dukani kwake. Juzi nafua suruali yake nikakuta maganda ya biskuti mfukoni. Tumegombana vibaya sana. Kliniki kile kipimo cha miezi mitatu kimetoka 10.4, wakamwambia aanze sindano za insulini, akakataa katakata. Anasema sindano ndiyo mwisho wa mtu. Mama mkwe tunakaa naye, anasema mwanawe amekonda kwa sababu namnyima chakula. Shemeji yangu aliye Muscat naye analeta asali na tende, ati vya asili havidhuru. Mashine ya kupimia sukari anaificha, na huu mwezi wa pili analala sebuleni. Nataka kumsaidia, lakini kila nikimsogelea anazidi kuniona adui. Nifanye nini?

Mke wa mgonjwa, Tanga

JIBU

Dada yangu, pole kwa mtihani huu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliiona kama nyingine nyingi zinazonifikia: mke anahangaika, mume mbishi, mkwe katikati. Mara ya pili nikakwama kwenye yale maganda ya biskuti, nikatamani ningekuwa na namba yako nikupigie usiku uleule.

Kabla hujamgombeza tena, kaeni wawili, watoto wakiwa wamelala, umuulize: saa zile unazokula biskuti, mwili unajisikiaje? Mikono inatetemeka? Jasho linakutoka hata ukiwa kivulini? Moyo unakwenda mbio, njaa inakukamata ghafla kama mtu aliyeshinda njaa siku mbili, unakuwa mkali kwa wateja bila sababu? Akikujibu ndiyo, basi ile biskuti ilikuwa dawa, na ulimgombeza kwa kutumia dawa.

Nina sababu ya kushuku hivyo. Metfomini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi ina tabia nyingine. Inalisukuma kongosho litoe insulini, na haiulizi kama mwenye mwili amekula. Sasa chukua mwanamume aliyemeza kidonge hicho asubuhi kwa chai kavu, kwa sababu mkate hauingii tena nyumbani, akaenda kufungua duka, akabeba na kupanga mizigo. Ikifika saa nne au saa tano sukari inaweza kuporomoka. Mkono wake unakwenda kwenye rafu ya biskuti wenyewe, kabla akili haijaamua. Inawezekana kweli ni tamaa tu, nikiwa huku siwezi kuapa. Lakini nimeona wengi walioitwa walafi kumbe sukari ilikuwa inawashuka.

Utaniambia, mbona kipimo kimesoma 10.4, sukari iko juu? Kipimo kile ni wastani wa miezi miwili hadi mitatu, na wastani unaficha mashimo. Mtu anaweza kuamka na 15, saa tano akawa na 3, usiku akafika 17, na wastani ukatoka mbaya vilevile. Ukweli utaonekana akipima ile saa anapojisikia vibaya. Chini ya 4 kwenye mashine zetu ni sukari iliyoshuka, na hapo hakuna mjadala wa nani kakosa, ni kumpa sukari.

Ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo litakushangaza. Nyumba yenye mtu anayemeza glibenklamidi au anayechoma insulini isikose sukari hata siku moja. Nunua leo nusu kilo, iweke mahali ambapo kila mtu anapajua, hata yule mtoto mdogo. Sukari ikishuka anapewa vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, ile yenye sukari. Subirini dakika 15, mpime tena. Ikiwa bado chini ya 4, rudieni. Ikipanda, ale chakula chake cha kawaida, isije ikashuka tena. Akiwa amepoteza fahamu msimmiminie chochote mdomoni, kitakwenda kwenye mapafu. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

Na vidonge vyake msiviache wala kuvipunguza kwa sababu ya maneno yangu. Nendeni kliniki mkaseme. Kuna vidonge vya jamii hiyohiyo, gliklazidi kwa mfano, ambavyo hatari yake ya kushusha sukari ni ndogo zaidi, lakini kubadilisha ni kazi ya daktari aliyemwona.

Uliandika kwa mstari mmoja tu kwamba analala sebuleni, kana kwamba ni jambo la kupita. Mimi ndilo lililoninyima usingizi. Sukari hushuka usiku pia, na usiku mgonjwa hajioni. Anayemwona ni yule aliye kitanda kimoja naye.

Kuna mama mmoja wa kliniki yetu aliamka saa tisa usiku akakuta shuka upande wa mumewe limelowa kama limetoka kufuliwa. Mume anazungumza maneno yasiyoeleweka, akishikwa anasukuma. Nyumba nzima ikaamka. Bibi akasema ni jini, kijana mmoja akatumwa kwa mwalimu aje kusoma. Binti yao wa kidato cha pili, ambaye mwezi uliotangulia alimsindikiza baba yake kliniki na akakaa kwenye somo letu pale kwenye benchi, alikwenda jikoni bila kumuuliza mtu, akakoroga sukari kwenye kikombe, akamnywesha baba kidogo kidogo kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza. Mwalimu alipofika na msahafu wake alimkuta mgonjwa amekaa kitandani anauliza kwa nini watu wamejaa chumbani kwake. Wakasoma dua ya shukrani, wakanywa chai. Somo la nusu saa alilolipata mtoto wa miaka kumi na mitano ndilo lililokoa roho. Sijapata kuona dawa ya bei nafuu kuliko hiyo.

Si ninyi peke yenu mnaoishi na hofu ya namna hii. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao DAWN2, uliofanyika katika nchi 17, na pamoja na wagonjwa na wahudumu waliulizwa ndugu zaidi ya 2,000 wanaoishi na wenye kisukari. Sita katika kila kumi walikuwa na wasiwasi mkubwa juu ya sukari kushuka. Zaidi ya theluthi walisema hawajui wamsaidieje mtu wao. Kwa hiyo swali lako, dada, ni la watu wengi sana, na kulikosa jibu hakukufanyi mke mbaya.

Sasa tuseme ukweli kuhusu ulinzi ulioweka. Ulifanya kwa mapenzi, najua. Lakini tazama ulivyoonekana upande wa pili: mtu mzima wa miaka 56, mwenye duka lake, mifuko yake inapekuliwa, watoto wake mwenyewe wamegeuzwa wapelelezi. Mtu wa namna hiyo anajifunza kujificha. Haachi kula, anaacha kuonekana. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville kule Marekani, Lindsay Mayberry na Chandra Osborn, walizungumza na wenye kisukari juu ya familia zao. Wagonjwa walisema ndugu zao wanaufahamu ugonjwa vizuri tu, lakini matendo yao ndiyo yanayowakwamisha. Na kadiri mgonjwa alivyoona ndugu zake wanamkwamisha kwa kumsimanga au kumtia vishawishi, ndivyo alivyokuwa mzembe wa dawa zake. Tanga si Nashville, lakini benchi la kliniki yetu linasimulia hadithi hiyohiyo kila wiki. Wagonjwa wana msemo wao: "Mimi sukari naiweza, polisi wa nyumbani ndio siwawezi."

Waachishe watoto kazi hiyo leo. Usiwaambie tu waache, waambie mbele ya baba yao, nawe useme ulikosea. Najua ni neno gumu kulitoa, hasa mama mkwe akiwa anasikiliza. Litoe tu.

Mashine ya kupimia ndiyo itakayofuata. Anaificha kwa sababu kila namba inayotoka inazaa kesi. Jaribu kuweka makubaliano: yeye anapima, namba inaandikwa kwenye daftari pamoja na saa, na kwa wiki mbili hakuna atakayeitolea neno. Isome 18, kimya. Isome 6, kimya vilevile, usimpigie makofi kama mtoto aliyefaulu mtihani, maana anayesifiwa leo anajua kesho atalaumiwa. Baada ya wiki mbili mtakaa na daftari na mtaona wenyewe: kumbe kila Ijumaa jioni inapanda, kumbe Jumatano anapochelewa kula mchana inashuka. Hapo mazungumzo yanakuwa juu ya saa na chakula, na yeye hayumo kizimbani.

Na unapotaka kumsaidia, uliza kwanza. "Nikukumbushe dawa, au unaona nakusumbua?" Wengine wanapenda kukumbushwa, wengine wanaona ni kudharauliwa. Mzee mmoja alimwambia mkewe mbele yangu, "Wewe niwekee maji na vidonge pale kwenye kimeza cha redio, basi, usiseme kitu." Tangu siku hiyo anameza. Miaka yote ile mke alikuwa akisema, naye akisahau.

Chakula sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Umesema unampimia ugali kwenye sahani yake. Nakuuliza, wengine mnakula wapi? Kama ninavyozijua nyumba za kwetu, mnakula sinia moja. Kwa hiyo mwanamume aliyekula sinia na nduguze tangu utotoni leo anawekewa kisahani chake pembeni, kama zamani walivyotengewa vyombo wagonjwa wa kifua kikuu. Wenzake wanachota wali wa nazi, yeye anahesabu matonge. Halafu tunashangaa anakwenda kula gengeni. Gengeni hakuna anayemtenga.

Mrudishe kwenye sinia, ila libadilishe sinia lenyewe. Kwetu kila mtu hula upande wake, hachoti mbele ya mwenzake. Hiyo adabu ya zamani inatusaidia sana. Mbele ya kila mla weka wali au ugali wa kiasi cha ngumi yake, mboga mara mbili ya hapo, mchicha, matembele, bamia, kachumbari, chochote kilichoko sokoni, na kipande cha samaki au dagaa au upawa wa maharage. Kila mtu apate hivyo, siyo yeye tu. Watoto wanaokua na wenye kazi za nguvu wataongezewa, na kuongeza si siri wala dhambi. Wewe mwenyewe utafaidika, na watoto pia, kwa maana wenye mzazi mwenye kisukari cha ukubwani wana hatari kubwa kuliko wenzao, na nyie wote mliofika utu uzima hapo nyumbani mnapaswa kupima.

Kuna kosa moja ninalokutana nalo kila siku. Watu wanaondoa sukari kwenye chai, wanajiona wameshinda, kisha wanakula vitumbua vinne na hiyo chai isiyo na sukari. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 au 5 za wanga. Chapati moja ya kawaida inaweza kufika 30 na zaidi. Mihogo ni wanga, viazi vitamu ni wanga, ndizi za kupika ni wanga, na dona, pamoja na sifa zake zote, ni ugali. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya makapi yake, lakini bonge la dona ni bonge. Kwa hiyo usipoteze nguvu kupigana na kijiko cha sukari huku mlima wa wali unapita salama.

Jambo la pili ni saa. Kwa dawa anazotumia, kuruka mlo ni hatari kuliko kula chapati nusu. Asubuhi apate kitu: yai na kipande cha muhogo, au mbaazi na nusu andazi, siyo chai tupu. Mpe na karanga kidogo za kubeba dukani, na pipi nne mfukoni kwa ajili ya dharura. Ndiyo, pipi. Ukizikuta siku ya kufua, zirudishe mahali pake.

Asali na tende za shemeji. Sukari ya asali ni sukari, hata nyuki wangekuwa wa Makka. Tende mbili tatu si msiba, ila zihesabiwe kama wanga wa mlo huo. Shemeji ana moyo mzuri na hela ya kutuma, usimkatishe tamaa, mwelekeze. Mwombe vijiti vya kupimia, ambavyo hapa vinatushinda bei. Mpigie picha mashine yenu na kopo la vijiti vyake, maana vijiti vya mashine moja havisomi kwenye nyingine, na atazame tarehe ya mwisho wa matumizi. Ndugu wa mbali wanapenda kutumwa kitu wanachoweza kukitimiza.

Mama mkwe wako ameona kitu cha kweli, ila sababu ameikosea. Mwanawe amekonda. Sukari ikiwa juu muda mrefu mwili unashindwa kuitumia, nyingine inatoka na mkojo, na mwili unaanza kula mafuta na misuli yake wenyewe. Kwa hiyo anakonda huku sukari imejaa kwenye damu. Usimweleze wewe, kwa midomo ya mkwe maneno hayo ni kujitetea. Siku ya kliniki mchukueni, akae na muuguzi, aulize mwenyewe. Nimewaona wazee walioingia kwetu wamenuna wakatoka wamekuwa walimu wa mtaa mzima. Kisha mpe kazi ambayo ni yake peke yake. Miguu ya mwanawe, kwa mfano. Kila jioni atazame nyayo na katikati ya vidole kama kuna lengelenge au mchubuko, kwa maana ganzi ya kisukari humfanya mtu akanyage msumari asijue. Mama hakatazwi kumshika mwanawe miguu hata akiwa na mvi. Naye mume wako kwa mama yake hatanuna.

Sindano. Hapa mumeo anahitaji kusikilizwa kabla ya kufundishwa. Muulize ni nani aliyemwona akichomwa. Mara nyingi yuko mtu, baba mdogo au jirani, aliyeanza sindano na baada ya mwaka akakatwa mguu au akafariki. Anachokikumbuka ni sindano kisha kifo. Kisichoonekana ni ile miaka kumi aliyokaa na sukari 18 kabla ya kukubali. Alichelewa, na sindano ikabeba lawama ya kuchelewa.

Mvulana wa kwanza kuchomwa insulini duniani, Leonard Thompson, alikuwa na miaka 14, hospitalini Toronto, Januari 1922. Kabla ya siku hizo mtoto mwenye kisukari kama chake aliwekwa kwenye chakula cha njaa na kusubiri kufa. Yeye aliishi miaka mingine 13. Sindano ilianza kama mlango wa kutokea kaburini, na nashangaa ilivyogeuka kwa watu wetu ikawa mlango wa kuingilia.

Mweleze pia kwamba kuhitaji insulini si adhabu ya zile biskuti. Kongosho la mtu mwenye kisukari cha ukubwani huchoka mwaka hadi mwaka, hata akila vizuri. Wengine huanza sindano kwa muda, sukari ikatulia, daktari akapunguza. Akikubali, jifunzeni wote wawili kuchoma, ila mkono wa kila siku uwe wake. Wewe uwe akiba, siku akiwa na homa au macho yamemsumbua.

Joto la Tanga linaua insulini. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na kule juu kwenye barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa inakaa nje kama wiki nne mahali pa baridi. Hamna friji? Chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Bibi zetu walipoza maji namna hiyo, na insulini nayo inapoa. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, zisitupwe kwenye taka wanakochezea watoto.

Sasa nirudi sebuleni, na hapa niwie radhi nikisema wazi. Takribani nusu ya wanaume wenye kisukari hupata shida ya nguvu za kiume. Mishipa ya damu na ya fahamu inaharibika kidogo kidogo. Wengi hawasemi. Badala ya kusema wanahamia kwenye kochi, wanasingizia joto au wanachokoza ugomvi ili wapate sababu ya kulala mbali. Sijui kama ndivyo ilivyo kwenu. Kama ndivyo, jua kwamba hajakuchoka wewe, na yeye ajue kwamba hajalogwa. Inatibika mara nyingi, na sukari ikitulia mambo huwa mepesi zaidi. Asinunue vidonge vya mitaani. Kwa mtu mwenye shida ya moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti vinaweza kuua. Kliniki yapo maswali hayo kila siku, ila yanaulizwa mwishoni, mlango ukiwa umefungwa na mtu ameshashika kitasa. Unaweza kumfungulia njia kwa kusema tu, "Nimesoma kwamba ugonjwa huu unaleta na shida za chumbani. Tukienda tuulize." Halafu nyamaza. Akirudi kitandani msubirie neno, usimchunguze.

Ramadhani ni somo refu, nitagusa tu. Kama anafunga, aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, kwa sababu glibenklamidi na mfungo havipatani na dozi hupangwa upya. Kujichoma kidole kupima hakufunguzi saumu. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6, afungue, hata kama zimebaki dakika kumi kuadhiniwa magharibi.

Nawe, dada? Barua nzima hukuandika hata neno moja juu ya afya yako. Miaka yangu 19 kliniki nimeona hivi: mume akiugua huletwa na mke, mke akiugua huja peke yake. Wewe ndiye unayepika, unayepima, unayefua, unayelala macho ukisikiliza pumzi ya mtu aliye chumba kingine. Chagua shughuli moja katika hizi umpe mtu mwingine. Kijana wako mkubwa anaweza kuchukua zamu ya kutembea na baba yake jioni, nusu saa baada ya chakula, kwenda ufukweni na kurudi. Kutembea kunashusha sukari, na watu wawili wanaotembea upande kwa upande husema mambo ambayo wakitazamana uso kwa uso hawasemi. Wewe nusu saa hiyo kaa barazani, usifanye kitu.

Siku ya kliniki nendeni pamoja. Bebeni mashine, maana kumbukumbu ya vipimo imo ndani hata kama daftari halikuandikwa, na vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na unga wa mlonge au mizizi yoyote ambayo mama mkwe amempa kwa nia njema. Anayesema awe yeye. Wewe ongeza lile tu ambalo yeye hawezi kuliona: jasho la usiku, ukali wa ghafla, maneno ya kuchanganyikiwa. Na kama yale maganda hujayatupa, mwombe akumbuke kila moja alikula saa ngapi, umwandikie juu yake. Daktari atataka kuziona hizo saa.